Kidonge Kinakwama Wapi? Mwongozo wa Kumeza Dawa kwa Mwenye Lupasi, Skleroderma na Magonjwa ya Ukoo Huo

Aliyekuwa mtoto hapa Moshi kabla ya mwaka 2001, mwaka ambao Tanzania Bara iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, hahitaji kusimuliwa uchungu wa kidonge. Unashikwa pua, unamezeshwa, unapewa sukari ya kulamba, na uchungu bado uko palepale kwenye mzizi wa ulimi. Mimi nilidhani tumeshaachana. Kumbe! Miaka mingi baadaye niliambiwa nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, na dawa ya kwanza kuandikiwa ikawa haidroksiklorokwini, binamu wa ileile, kidonge cha miligramu 200, cha kila siku, tena kisicho na tarehe ya kumaliza dozi.

Mwaka wa kwanza nilimeza bila shida. Kisha mate yakaanza kukauka, idadi ya vidonge ikapanda, na asubuhi moja kidonge kikaganda kwenye ulimi kama stempu. Nikaona nitumie akili: nikavitwanga vyote kwenye kinu cha vitunguu saumu, nikavikoroga ndani ya bakuli la mtori. Nilifanya hivyo wiki kadhaa. Kliniki nilipoulizwa kama dawa zinakwenda, nilijibu, "Vizuri tu, dokta." Wala sikuona kama nadanganya, maana zilikuwa zinashuka. Ila ndani ya kile kinu mlikuwa na dawa isiyotakiwa kutwangwa hata kidogo, na jikoni alikuwepo mdogo wangu, mjamzito, akivuta lile vumbi.

Mwongozo huu ni wa wale wanaojibu "vizuri tu", pamoja na wanaowauguza. Haubadilishi dozi ya mtu. Kila ninapoandika "uliza", uliza kweli kabla hujajaribu.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali kinapokwama

Wengi wataanza kwa kukuambia unywe maji mengi. Mimi naanza na daftari, kwa sababu magonjwa haya hayakwamishi kidonge mahali pamoja, na mbinu inayomfaa mmoja inaweza kumpalia mwingine. Kwa siku tatu, kila unapomeza, andika dawa ni ipi, ni saa ngapi, imekwama wapi (weka kidole mahali penyewe), na kama chakula au maji matupu nayo yalisumbua.

Kikigandia mdomoni, mara nyingi tatizo ni mate. Ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Uswidi aliyeuandikia tasnifu mwaka 1933, hushambulia tezi za mate na machozi. Unaweza kuja peke yake au ukaambatana na lupasi au baridi yabisi. Utaujua kwa mkate kukatalia kinywani, kuamka usiku kutafuta maji, na macho kuwa kama yana mchanga. Lakini kabla ya kuulaumu ugonjwa, angalia dawa nyingine unazotumia. Piritoni, ambayo kwetu hununuliwa kama pipi kila pua ikiwasha, hukausha mate. Amitriptilini ya maumivu ya neva nayo vilevile.

Kikikwama kooni, au ukipaliwa, au maji yakirudia puani, hapo ni misuli. Miastenia huifanya misuli ichoke kadiri inavyotumika: asubuhi unameza vizuri, jioni huwezi. Ugonjwa wa kuvimba misuli, ambao madaktari huuita miosaitisi, hudhoofisha koo pamoja na mapaja na mabega. Mtu anashindwa kunyanyuka kwenye kigoda na papo hapo anapaliwa na chai. Kundi hili lisijaribu mbinu yoyote ya hapa chini kabla ya kuonwa na daktari. Kidonge au maji yakiingia kwenye njia ya hewa yanaweza kuleta nimonia, na mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa dawa hapaswi kuicheza bahati hiyo.

Kikishuka halafu kikasimama nyuma ya kifua, tatizo liko kwenye umio, ile njia ya kutoka kooni hadi tumboni. Skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani, ndiyo bingwa wa hapa. Hukakamaza theluthi mbili za chini za umio na kulegeza mlango wa tumbo, kwa hiyo kidonge kinashuka polepole huku asidi ikipanda. Kiungulia cha kila siku na kucheua usiku ni dalili zake. Wakati mwingine vidole hubadilika rangi kwa baridi, hasa Juni na Julai mlima unapojifunika, miezi kadhaa au hata miaka kabla ya mengine.

Kama hakikwami popote ila kinauma kikipita, fungua mdomo mbele ya kioo. Utando mweupe unaobanduka ni fangasi, na watumiaji wa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, hupata hiyo sana. Ikishuka kwenye umio, hata maji huchoma. Inatibika, na ikishatibiwa "tatizo la kumeza" linaweza kuisha lenyewe. Vidonda mdomoni ni habari nyingine. Lupasi huwa navyo. Lakini ukiwa unatumia methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, na ghafla mdomo umejaa vidonda, piga simu kliniki siku hiyohiyo, kabla ya dozi inayofuata. Methotreksati ya magonjwa haya hunywewa mara moja kwa wiki. Wapo wanaoinywa kila siku kwa kusoma karatasi vibaya, na kosa hilo huua. Vidonda mdomoni ni mojawapo ya dalili zake za mwanzo.

Kuna na woga. Mtu akishapaliwa mara moja vibaya, koo linajifunga kabla kidonge hakijafika. Huo si utoto, wala hautoki kwa kukaripiwa na shemeji mezani. Tutaurudia.

Hatua ya pili: mwaga vidonge vyote mezani

Vya asubuhi, vya usiku, vya wiki, hata vile vya kununua dukani. Vigawe.

Fungu la kwanza ni visivyotwangwa wala kukatwa nyumbani: methotreksati, azathioprini, maikofenoleti, siklofosfamidi. Vumbi lake lina madhara kwa anayelivuta au kuligusa, hasa mjamzito. Ukivikuta vimevunjika ndani ya pakiti, usivishike kwa mkono mtupu. Methotreksati ina sura nyingine, sindano ya chini ya ngozi, ambayo pia ni ya mara moja kwa wiki. Anayeshindwa vidonge aiulizie hiyo.

Fungu la pili ni vyenye ujanja ndani yake. Ukiona baada ya jina herufi SR, XL, MR au neno Retard, kidonge hicho kimetengenezwa kitoe dawa kidogokidogo kwa saa nyingi. Nifedipini ya vidole vinavyoganda kwa baridi huwa ya namna hiyo. Ukiitwanga, dawa ya siku nzima inamwagika kwa mpigo mmoja na presha inaporomoka. Herufi EC maana yake kina gamba la kukilinda na asidi ya tumbo; diklofenaki nyingi ziko hivyo, na baadhi ya prednisoloni.

Omeprazoli ya kapsuli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ina njia yake. Kapsuli inaweza kufunguliwa, lakini punje za ndani hazitafunwi wala hazisagwi. Zimwage kwenye kijiko cha juisi ya chungwa au maji ya kawaida, meza mara moja, kisha ongeza maji. Usizitie kwenye maziwa. Gamba la punje hizo limeundwa livumilie asidi na liyeyuke asidi inapopungua, kwa hiyo maziwa yatalianza kazi kabla ya wakati.

Fungu la tatu ni vinavyochoma vikigota njiani: alendroneti ya mifupa (wengi wa prednisoloni hupewa, miligramu 70 kwa wiki), doksisaiklini, vidonge vya madini ya chuma, ibuprofeni, diklofenaki. Kidonge kimoja cha hawa kikilala kwenye umio usiku kinaweza kuacha kidonda. Mwenye skleroderma ya umio akiandikiwa alendroneti aseme palepale. Dawa hiyo haipewi mtu ambaye umio wake hausukumi vizuri.

Vinavyobaki, kama prednisoloni ya kawaida isiyo na gamba, mara nyingi vinaweza kuyeyushwa kwenye kijiko cha maji. Vingi ni vichungu vibaya sana. Uliza kimoja kimoja, kwa jina.

Na jambo dogo ambalo halisemwi: vidole vikikakamaa kwa baridi yabisi au skleroderma, kukikamua kidonge kutoka kwenye karatasi lake la bati ni kazi. Watu hukata kwa mkasi vipande vya kidonge kimoja kimoja wakaviweka mfukoni. Usifanye hivyo. Kuna waliomeza kidonge na plastiki yake, na ncha zile huchana umio. Mwombe mtu akutolee vya wiki nzima kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku, ila vya fungu la kwanza visichanganywe na vingine.

Hatua ya tatu: mkao, maji, muda

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo, na ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote. Nilikuwa nameza nikiwa nimeegemea mto, kwa funda moja la chai, kisha nalala.

Kaa wima kwenye kiti, miguu chini. Piga kwanza funda moja au mawili ya maji bila dawa, uloweshe njia. Mwenye mdomo mkavu asukutue kabisa. Weka kidonge katikati ya ulimi. Chukua funda la kutosha, meza, halafu malizia kikombe kizima, kama mililita 200. Maji haya ya pili ndiyo yanayokisukuma hadi tumboni. Funda dogo hukiacha njiani bila wewe kusikia. Kaa wima au tembea nusu saa. Kwa alendroneti hiyo nusu saa ni sheria, na ni maji matupu tu, kabla ya chakula. Kama figo au moyo vimekuwekea kipimo cha maji kwa siku, uliza kikombe hicho kihesabiwe vipi.

Dawa za usiku zisogeze ziwe za baada ya chakula cha jioni, isipokuwa umeambiwa vingine. Mwenye skleroderma ainue kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Matofali mawili chini ya miguu ya kitanda yanatosha. Mito mitatu haisaidii, kwa sababu inakunja tumbo na kusukuma asidi juu.

Mwenye miastenia anayetumia piridostigmini aulize kuhusu kuinywa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula na vidonge vikubwa, ili koo liwe na nguvu. Na akiugua malaria, neno la kwanza kwa mhudumu liwe miastenia, kwa kuwa kwinini huizidisha, na baadhi ya antibayotiki kama siprofloksasini nazo.

Hatua ya nne: kidonge huzama, kapsuli huelea

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walichapisha jaribio la mbinu mbili kwa watu wazima. Ya kwanza ilirahisisha kumeza tembe kwa takribani asilimia 60 ya majaribio, ya pili ikarahisisha kapsuli kwa karibu asilimia 89. Nimezijaribu zote. Ya pili ndiyo iliyonishangaza.

Kwa tembe: chukua chupa laini ya plastiki ya maji, ile ya nusu lita. Weka tembe ulimini, ziba mdomo wa chupa kwa midomo yako barabara, inua kichwa kidogo, kisha fyonza maji na umeze kwa mkupuo huohuo. Chupa itajikunja kwa kufyonzwa, hewa isiingie. Mkondo wa maji hukibeba kidonge kabla koo halijapata nafasi ya kubishana. Mwenye skleroderma aliyekazwa midomo hataweza kuiziba chupa, asijisumbue. Anayepaliwa na maji asiiguse mbinu hii.

Kwa kapsuli fanya kinyume cha tulivyofundishwa. Wengi hutupa kichwa nyuma kama kuku anayekunywa. Kapsuli ni nyepesi, inaelea. Ukitupa kichwa nyuma yenyewe inasogea mbele, kwenye meno. Weka kapsuli ulimini, piga funda bila kumeza, inamisha kidevu kifuani, ndipo umeze. Itaelea kuelekea kooni yenyewe.

Kwa mwenye woga, fanya mazoezi bila dawa, mchana, ukiwa umetulia. Anza na punje moja ya wali, kesho punje tatu zilizoshikana, keshokutwa harage dogo lililoiva likalainika. Ukishindwa hatua moja, rudi nyuma hatua moja, usilazimishe. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya tano: msindikizaji

Mtori ni zawadi kwa watu wa koo gumu, hasa wa ndizi mshare uliopondwa ukawa laini kabisa, bila uzi wa nyama. Weka kidonge kizima ndani ya kijiko kimoja, meza bila kutafuna. Kijiko kimoja, si bakuli: ukikitia kwenye bakuli na ukashiba katikati, hujui umeacha dozi kiasi gani chini. Parachichi lililopondwa linafanya kazi hiyohiyo, na kwa mdomo mkavu ni bora zaidi kwa mafuta yake. Ndizi mbivu huteleza kwa wengine. Kwangu mimi iliganda pamoja na kidonge. Malizia kwa maji siku zote.

Haidroksiklorokwini ipande na chakula au maziwa, tumbo litakushukuru. Uchungu wake hupungua sana ukipaka ulimi kitu cha mafuta kwanza. Mimi hutumia siagi ya karanga, ncha ya kijiko tu. Dawa za kutuliza asidi zikae mbali nayo kwa saa nne.

Wapo wasindikizaji wabaya. Chai huzuia madini ya chuma. Kahawa yetu ya mlimani, kwa heshima zake zote, hupunguza kufyonzwa kwa levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, na wenye tezi ya shingo iliyoshambuliwa na kinga ni wengi katika ukoo huu wa magonjwa. Wao wameze kwa maji tumbo likiwa tupu, kahawa ije baada ya saa moja. Vidonge vya kalsiamu navyo viiache levothairoksini saa nne. Maziwa hayafai na doksisaiklini wala siprofloksasini. Balungi huongeza nguvu ya nifedipini, siklosporini na takrolimusi damuni hadi pa hatari. Chungwa la kawaida halina kesi hiyo.

Hatua ya sita: sema, na useme kwa mtu sahihi

Duka la dawa muhimu la mtaani na famasi si kitu kimoja. Muuzaji wa duka la dawa muhimu amefunzwa kozi fupi kwa orodha maalumu ya dawa, na maswali ya kutwanga azathioprini si yake. Tafuta famasi yenye mfamasia, au dirisha la dawa la hospitali unakohudhuria, Mawenzi, KCMC au kwingineko. Nenda mchana foleni ikipungua, ukiwa na pakiti zenyewe mkononi.

Usiseme "dawa zinanishinda." Sentensi hiyo huzaa jibu la "jitahidi, mama." Sema hivi: "Kidonge hiki kinakwama hapa, kimekwama mara tano kwa siku tatu, maji yanapita ila mkate haupiti. Je, kipo cha maji, kidogo zaidi, cha kuyeyusha, au sindano?" Mfamasia niliyemwendea na daftari langu alivuta kiti. Kati ya vidonge vyangu tisa vya siku, viwili viliondolewa kabisa kwa sababu havikuwa na kazi tena, na kalsiamu, lile jiwe, ikabadilishwa ya kutafuna.

Daktari naye aulizwe kama unahitaji kipimo cha kumeza, ama picha ya eksirei ukiwa unakunywa dawa nyeupe ya bariamu, ama kamera ya kuangalia umio. Chakula kikikwama, uzito ukishuka bila sababu, ukikohoa kila unapokunywa, au sauti ikiwa na majimaji baada ya kula, usingoje tarehe ya kliniki.

Siku ambayo hakishuki kabisa

Ukihisi kidonge kimekwama kifuani na unapumua vizuri, kaa wima, kunywa maji mafundamafunda, kula kipande laini cha ndizi. Maumivu yakizidi, ukitema damu, au ukishindwa kumeza mate yako mwenyewe, ni hospitali. Ukishindwa kupumua au kutoa sauti, huko ni kukabwa. Aliye karibu akupige mgongoni kati ya mabega na kuita msaada.

Dozi moja ya haidroksiklorokwini ikipita, dunia haianguki. Methotreksati ya wiki ikikosekana, usifidie kwa kuzidisha. Piga simu kliniki. Prednisoloni ndiyo isiyosubiri. Aliyeitumia kwa wiki nyingi, tezi zake za juu ya figo zimelala. Akiikosa ghafla kwa kutapika au kushindwa kumeza, presha inaweza kushuka, akalegea, akapoteza fahamu. Ukishindwa kumeza dozi ya siku, au ukiitapika, ukairudia na kuitapika tena, nenda upewe sindano ya haidrokotisoni, hata kama ni usiku na bodaboda wa Pasua anataka bei ya usiku. Andika kwenye karatasi ndogo jina la ugonjwa, prednisoloni miligramu ngapi na tangu lini, pamoja na namba ya ndugu mmoja, uiweke nyuma ya kadi ya bima, ili atakayekupokea asome hata kama wewe huwezi kusema.